Tundu Kwenye Mpira wa Mafuta

Mume wangu alinikamata nywele kwa nyuma, akanisukuma uso kuelekea kwenye propela iliyokuwa inazunguka.

Sio feni ya mezani, ndugu zangu. Propela ya injini ya nitro ikishika kasi huioni. Unaona ukungu tu… halafu unasikia upepo wake kwenye kope.

"Sema," akaninong'oneza sikioni. "Sema nani alikutuma."

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu wanamwita Rubani. Ndege yenyewe hajawahi kupanda. Anarusha vile vindege vidogo vya rimoti, kila kimoja na injini yake ya mafuta makali ya nitro, inaenea kiganjani lakini kelele zake zinatoa watu majumbani. Kwenye klabu yao yeye ndiye nyota.

Ambacho klabu hawakujua ni kwamba injini zake zote nilikuwa nazitengeneza mimi. Nikisikia mlio tu najua kama mafuta yamezidi au yamepungua. Yeye kazi yake kushika rimoti na kupigiwa makofi.

Na mimi nilikuwa na makofi yangu. Ya nyumbani, kila alipolewa kwa kushangilia ushindi.

Siku hiyo klabu ilikuwa na maonyesho, uwanja umefurika. Kindege kikapaa, kikapiga duara, kikageuka tumbo juu… mlio ukabadilika. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayekabwa koo.

Injini ikazima. Kindege kikajichoma ardhini mbele ya watu wote.

Watu wakacheka. Rubani naye akacheka. Akaniwekea mkono begani.

"Twende nyumbani, mke wangu."

Vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye nyama ya bega.

Mlango ulipofungwa tu, hakuna cha msalie mtume. Ngumi ya kwanza ilinikuta mdomoni. Nikaenda chini, mateke yakafuata… mbavu, mgongo, mbavu tena. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa chumba cha pili anapiga pasi. Nilisikia pasi inasimama. Kisha ikaendelea.

Iliniuma kuliko teke.

Alipochoka akaniburuta mpaka chumba cha nyuma. Akaifunga injini kwenye kibao cha majaribio pamoja na tangi lake na propela mpya, akavua mkanda, akakaa kwenye stuli.

"Tafuta shida iko wapi."

Nikajikaza kisabuni. Damu inadondokea mezani, naifuta kwa kiwiko. Nikaanza na plagi: waya wake mzima, unang'aa. Nikaweka mpya hata hivyo. Nikamwaga mafuta ya zamani, nikajaza ya chupa mpya. Nikaiwasha kwa stata. Ikalia vizuri kidogo… halafu mlio ule ule wa kukabwa.

"Fungua skrubu," akasema.

Hiyo skrubu iko pembeni ya kabureta. Ukiifungua mafuta yanaongezeka, ukiikaza yanapungua. Nikaifungua taratibu. Moshi ukajaa kwenye mofla, lile bomba la kutolea moshi, mlio ukatulia, nikapumua… ukapanda tena.

Mkanda ukanishukia shingoni.

"Sio skrubu," nikasema.

"Ni nini?"

Ndipo nikaona mapovu. Madogo madogo, yanasafiri ndani ya mpira wa mafuta kwenda kwenye kabureta. Injini ilikuwa inakunywa hewa. Nikaizima, nikauchomoa mpira, nikauziba upande mmoja, nikauzamisha kwenye kopo la maji na kupuliza.

Povu likatokea katikati ya mpira.

Mpira ukizeeka unapasuka nyufa. Huu haukuwa ufa. Lilikuwa tundu la duara, safi kabisa.

Jamani, ningenyamaza. Ningesema mpira umechoka, ningeubadilisha, yangeisha. Lakini nilikuwa nimepata jibu, na mdomo ukanitangulia.

"Mtu ametoboa."

Akatabasamu.

"Na anayezigusa injini zangu ni nani, zaidi yako?"

Akaniamuru nifunge mpira mpya. Nikafunga. Akaiwasha mwenyewe, akaipandisha mpaka mwisho. Ikalia tamu, ndugu zangu, mlio mmoja ulionyooka kama uzi. Kazi yangu nzuri kuliko zote.

Hapo ndipo aliponikamata nywele.

Nilijua leo naenda na maji. Uso unasogea, macho nimefumba. Mkono wangu ukapapasa nyuma ya injini, ukaupata mpira wa mafuta. Nikaubana.

Shida ni kwamba injini ya nitro ukiinyima mafuta haizimi papo hapo. Kwanza inaongeza kasi. Nikaisikia inapiga kelele, upepo ukawa mkali, ncha ya propela ikanipasua nyusi…

Ikazima.

Akanipigiza kichwa mezani. Akanigeuza, mikono yake yote miwili shingoni mwangu. Nikaanza kuona giza kwenye kona za macho.

Nyuma yake mlango ukafunguka.

Mama mkwe aliingia na pasi mkononi, waya unaburuzika. Akainyanyua na kumshushia mwanawe kwenye kiwiko. Nikausikia mfupa unavunjika.

"Mwache," akasema. "Tundu nimetoboa mimi. Kwa sindano ya kushonea."

Rubani akamwangalia mama yake kama hajawahi kumwona. Kisha, kwa mkono mzima uliobaki, akamkaba.

Mama aliyemzaa.

Nikaiokota chupa ya mafuta ya nitro, nikamminyia yote machoni. Akalia kama ng'ombe, akaanguka akigaragara. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, akaruka ukuta kusikia kelele. Akamkalia mgongoni mpaka polisi walipofika.

Sasa sikilizeni.

Hospitali tulilazwa vitanda vinavyopakana, mimi na mama mkwe. Nyusi imeshonwa, mbavu zimefungwa. Nikamshika mkono.

"Mama, asante. Ulitaka ashindwe ili asilewe kwa furaha, asinipige?"

Akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Nilijua akiaibika atakupiga. Nilitaka akupige pale pale uwanjani, watu wote waone. Nimesema kwa majirani, nimesema kwa ndugu, hakuna anayeniamini. Wanasema Rubani mpole. Sikujua ataweza kungoja mpaka nyumbani."

Nikautoa mkono wangu taratibu.

Alinifanya chambo, ndugu zangu. Mwili wangu ndio uliokuwa ushahidi wake. Na ni huyo huyo aliyenitoa kwenye mikono ya kifo, na ndiye aliyesimama mahakamani akatoa ushahidi dhidi ya mwanawe wa pekee mpaka akafungwa.

Siku hizi napanga chumba changu, natengeneza injini za wanaklabu wale wale. Mama mkwe huja kunisalimia. Namwekea kiti, tunakunywa chai. Nimemshukuru. Kumsamehe, bado.

Wewe unayesoma hapa, kama unamjua mwanamke anayepigwa, usimpangie mipango nyuma ya mgongo wake, hata kwa nia njema. Mwambie. Mama angeniambia tu, "Mwanangu, tuondoke," tungeondoka wote wawili asubuhi ile, wakati Rubani yuko bafuni anaimba.