Jiwe la Mpaka

Jioni ile nilitumwa kitu kidogo tu: sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mke wangu Olipa alikuwa jikoni, sufuria tayari. Nikashuka shambani, huku ziwa Mweru likianza kuwa jeusi.

Shamba langu linapakana na la kaka yake, Kalaba. Muhogo wake mnene kama paja la padri. Wangu... tuseme hata panya wanauonea huruma.

"Mulamu, kule Italia ulijifunza kulima ao kupiga picha?" hunitania shemeji yangu huyo. Kisha huangalia bati mpya za nyumba yangu, akameza mate.

Nililima kweli, mulamu! Kijiji cha milimani, mashamba ya ngazi yaliyojengwa kwa mawe tangu enzi za mabwana wa ngome. Bibi Assunta, mwenye shamba, alinisimulia: enzi hizo mutu mumoja alisogeza jiwe la mpaka ili ale udongo wa jirani. Alipokufa, kaburi lilimkataa. Jiwe lile analibeba mpaka leo, anauliza pa kuliweka.

"Ukikutana naye," bibi akaonya, "umwambie: pale ulipolitoa. Usiongeze neno."

Nilicheka. Niliporudi kwetu Nchelenge nikasimika jiwe la mpaka kwa mtindo wa kule. Kujidai tu.

Jioni ile jiwe halikuwepo.

Shimo tu... Vyura wakanyamaza. Harufu ya udongo mbichi. Pumzi nzito, nyuma yangu.

Mutu. Ameinama. Jiwe langu begani mwake.

"Nitie wapi?" akanong'ona.

Mimi viza niliisubiri miaka miwili; huyu kavuka bahari bila hata paspoti! Nilitaka kucheka, meno yakagongana. Jibu nilikuwa nalo. Lakini macho yakaenda kwenye muhogo wa Kalaba... majani yale, yalivyoshiba... Wivu ukanitangulia mdomoni.

"Sogeza kule. Kidogo tu."

Mutu akanyooka polepole, kama aliyesahau mgongo ni nini. Akatabasamu.

Hakuwepo tena.

Bega langu likazama chini ya jiwe.

Nimelitikisa, halitoki. Nimejaribu kusali, kumwita Olipa. Mdomo unatoa maneno mawili tu. Na sasa Kalaba anapanda kutoka ziwani, samaki mkononi, anapiga mluzi.

"Mulamu! Umebeba nini hiyo?"

"Nitie wapi?"

Mluzi umekufa. Hadithi ya bibi nimemsimulia mara ngapi, tukinywa bia! Jibu analijua.

Anafungua mdomo...

Kisha anainua macho kule juu, kwenye bati zangu, zinavyometa.

Usiangalie bati, mulamu. Niangalie mimi.

"Nitie wapi?"