Nafasi Iliyofungwa Ijumaa

"Mwalimu, hao kupe unawapeleka wapi?"

Adelard aligeuka, chupa ya jamu mkononi. Ilikuwa siku ya mnada wilayani Kyerwa. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wakisukumana, madalali wakishindana kwa sauti, na moshi wa nyama choma ulikuwa umechanganyika na vumbi na harufu ya samadi. Aliyemuuliza alikuwa dada mwembamba aliyevaa ovaroli ya bluu na gambuti zenye tope. Kichwani alifunga kilemba cha kitenge cha njano ambacho, katikati ya vurugu zote zile, hakikuwa na doa hata moja.

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Shati jeupe mnadani, na kalamu nyekundu mfukoni. Jibu swali."

"Nawapeleka shuleni, Ihembe, kule Karagwe. Wanafunzi wangu wanabisha kwamba kupe ana miguu sita. Nataka wahesabu wenyewe."

"Akiwa mchanga anayo sita. Akikua ndiyo inakuwa minane. Kwa hiyo usiwachape, wamepatia nusu."

Adelard alicheka mpaka akakaribia kuiangusha chupa. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, hilo alilijua, lakini hakutegemea kukumbushwa na mtu anayenukia dawa ya josho.

"Na kupe wa Kyerwa hawaendi Karagwe bila kibali changu," dada aliendelea, uso mkavu.

"Kibali chako kinapatikana wapi?"

"Ofisi ya mifugo, Rubwera. Jumatatu."

"Jumatatu hawa watakuwa wamekufa."

"Basi njoo na wengine."

Alikwenda Jumatatu ile, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Dada aliitwa Joviana, afisa mifugo, mzaliwa wa Muleba, binti wa familia ya Kilutheri iliyopenda kuimba kwaya kuliko kula. Kila mwisho wa wiki Adelard alipanda pikipiki yake kutoka Ihembe, akapita migomba na mikahawa mpaka Rubwera, akafika amejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Joviana alimfuta kwa ncha ya kanga, kisha wakakaa kwenye mgahawa ulio karibu na ofisi za wilaya, ndizi za maharage mezani na vikombe vya chai ya maziwa vikipoa bila mtu kuvigusa.

Siku ambazo hawakuonana, simu zilifanya kazi.

"Halo, kupe wangu," Joviana alianza.

"Mpenzi gani anaitwa kupe?"

"Anayeshika haachii."

"Sasa ukinitoa?"

"Wewe! Kupe akivutwa vibaya kichwa kinabaki ndani. Siwezi kujitafutia kidonda."

Ndoto ya kwenda kusoma ilikuwa ya Adelard kwanza. Tangu amalize chuo alikuwa akiitafuta shahada ya uzamili ya utafiti, ile ambayo mtu haendi kukaa darasani akisikiliza, bali anapewa maabara na msimamizi, anashika swali moja na kulala nalo na kuamka nalo mpaka litoe jibu. Alikuwa amekigundua chuo kimoja huko Uskoti, ambako profesa mmoja, mama wa makamo, alichunguza magonjwa yanayoenezwa na kupe. Profesa huyo alitaka mwanafunzi mmoja, na ufadhili ulikuwepo.

"Tuombe wote wawili," Adelard alisema.

"Mimi? Mimi kazi yangu kuchoma ndama sindano."

"Ndiyo maana. Wenzako wote wanaoandika juu ya ndigana, ugonjwa huo wa kupe, wameiona kwenye picha tu."

"Na nafasi ni moja, Adelard."

"Atakayepata aende. Mwingine atafuata mwaka unaokuja. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, waitu," alisema, kwa lile neno la kwao la upole ambalo hulitumia mtu anapokuwa hana tena nguvu ya kukataa.

Miezi ile ya kuandaa maombi ilikuwa mitamu kuliko yote. Walimwomba mtu mmoja awadhamini, Dokta Melkiory, ambaye aliwafundisha wote wawili chuoni kwa miaka tofauti. Walibishana juu ya kila sentensi ya maelezo ya utafiti. Adelard aliandika kurasa nzuri zilizojaa Afrika, wafugaji, umaskini na mustakabali. Joviana aliandika swali moja tu. Katika vijiji vya Kyerwa alikuwa ameona ndama wa asili walioumwa na kupe walewale, katika zizi lilelile. Mmoja anapata ndigana anakufa, mwingine anaugua kidogo, anasimama na kurudi kunyonya bila dawa yoyote. Alitaka kujua damu ya yule anayesimama ina nini.

"Ni kadogo haka, Jovi," Adelard alimwambia kwa upendo. "Profesa atataka kitu kikubwa."

"Ndicho nilicho nacho."

Walifanyiwa usaili kwa video, kila mmoja siku yake. Joviana alikaa kwenye duka la steshenari ambako mtandao ulikuwa na nguvu, amevaa blauzi nyeupe juu na gambuti chini ya meza, kwa sababu alitoka moja kwa moja zizini.

Majibu yalifika alasiri ya siku moja mwezi Machi. Joviana alikuwa akinawa mikono bombani simu ilipolia mlio wa ujumbe. Alisoma akiwa amesimama, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Amechaguliwa. Ufadhili kamili. Athibitishe kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Alipiga kelele moja fupi, kisha akaziba mdomo, akaanza kulitafuta jina la Adelard. Kabla hajaligusa, simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Wamenikataa, Jovi."

Sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Haikuwa ya mwalimu, wala ya yule kijana wa chupa ya jamu. Ilikuwa kama ya mtu aliyekaa chini barabarani.

"Miaka minne," aliendelea. "Miaka minne natuma, narudishwa. Wameandika sentensi mbili tu. Wewe je? Umepata jibu?"

Joviana aliutazama mkono wake uliolowa. Hakupanga kusema alichosema.

"Na mimi wamenikataa."

Upande wa pili Adelard alivuta pumzi ndefu, na ndani ya pumzi ile Joviana alisikia nafuu. Ilimuuma, lakini alijiambia ni mshtuko tu.

"Pole, mpenzi," Adelard alisema. "Una uhakika? Umesoma vizuri?"

"Nimesoma."

Laiti angeuliza tena, Joviana angemwambia. Hakuuliza. Alisema, "Basi Mungu anataka tubaki. Nitawatuma wazee Muleba wakati wa Pasaka."

Ikawa furaha ya ajabu, furaha iliyoota juu ya uongo na kustawi. Adelard alipiga simu asubuhi na jioni. Alizungumzia posa, kahawa ya kutafuna na rubisi, pombe ya ndizi ya wazee, nyumba watakayojenga. Joviana alikuwa akimjibu huku siku zikienda. Kila jioni alifungua ule ujumbe wa chuo, akaufunga. Alijiambia atamweleza kesho, akitulia. Alipotulia, alijiambia kwamba sasa ametulia mno, atavunjika tena.

Siku ya Jumatano ya wiki ile ya mwisho, Adelard akiwa anatoka darasani, alipigiwa na Dokta Melkiory.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Adelard, umemfanya nini Joviana?"

"Sijamfanya kitu, Dokta. Kwani kuna nini?"

"Profesa ameniandikia. Anauliza mbona mtu aliyechaguliwa hajibu. Nampigia mwenyewe, ananiambia nitajibu, nitajibu. Nafasi inafungwa Ijumaa. Wewe ndiye mchumba wake, sema naye. Watu hulilia nafasi kama hiyo."

Adelard alisema ndiyo, Dokta, nitasema naye. Kisha alikaa kwenye ngazi za darasa, na wanafunzi wakampita wakimsalimia bila kujibiwa. Kwanza alisikia aibu: alihurumiwa. Halafu, nyuma ya aibu, kikaja kitu kingine ambacho hakukipa jina. Swali dogo la Joviana la ndama lilikuwa limezishinda kurasa zake zote.

Alhamisi aliomba ruhusa, akapanda pikipiki hadi Rubwera. Njiani alishaipanga sentensi: Najua, Jovi, na unaenda. Alimkuta nyumbani na mfanyakazi mwenzake, Prudensia, wamekitandaza kitenge kitandani wakipima gauni la siku ya wazee. Kitenge kilikuwa cha kijani, na maua meupe makubwa. Joviana alijifunga kiunoni, akazunguka mbele yake.

"Nimependeza, kupe wangu?"

"Umependeza sana."

"Mbona umekuja Alhamisi? Kuna kitu?"

Alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa makubwa, yakingoja, na Adelard alijua kabisa yanangoja nini.

"Nilikukumbuka tu," alisema.

Ijumaa alifundisha vipindi vyote, hata vya mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Simu aliiacha kwenye droo ya ofisi. Jioni ilipoingia na muda wa chuo ukawa umekwisha, alishangaa kuona anakula kwa hamu.

Wazee walikwenda Muleba. Walipokewa vizuri, rubisi ilinyweka, mama yake Joviana alipiga vigelegele, na kijani cha lile gauni kilimfanya kila mtu ageuke. Wazee walipokuwa bado wanazungumza ndani, wachumba walitoka nyuma ya nyumba, wakasimama kwenye migomba.

"Adelard, nina jambo," Joviana alisema. Alikuwa anachezea pindo la gauni. "Usinikasirikie. Siku ile nilikudanganya. Walinichagua. Nilisikia sauti yako, nikashindwa. Nikaiacha ipite. Sasa nimekwambia, hakuna tena siri kati yetu."

Alimngoja ashtuke. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa machozi, kwa "kwa nini, Jovi?" Adelard aliangalia chini tu, akasugua kiatu kwenye nyasi, akasema polepole, "Nakushukuru kwa kuniambia."

Joviana aliliachia pindo. Akamwangalia tena.

"Ulijua."

"Jovi..."

"Ulijua. Tangu lini?"

"Dokta alinipigia."

"Siku gani?"

Angeweza kudanganya. Labda ingekuwa heri, labda siyo.

"Jumatano."

"Alhamisi ulikuja." Sauti yake ilishuka. "Ulikuja nyumbani, nikakuuliza kuna kitu. Nimekuuliza, Adelard, kwa mdomo wangu huu."

"Wewe ndiye uliyeanza kudanganya!"

"Ndiyo. Nilidanganya usiumie. Wewe ulinyamaza kwa sababu gani?"

Ndani wazee waliangua kicheko.

"Niliogopa utaniacha," alisema hatimaye.

"Ungenikuta hapa mwaka mmoja baadaye, au ungekuja nilipo. Tulikubaliana. Mimi nilikuwa nangoja useme neno moja tu, nenda. Ningekwenda nikilia, lakini ningekwenda nikiwa wako."

"Bado unaweza kumwandikia profesa."

"Nilishamwandikia jana. Nafasi ameshapewa mtu mwingine." Alivuta pumzi. "Jana nililia peke yangu, nikasema si kitu, nimempoteza profesa, ninaye Adelard."

Aliingia ndani kwa mlango wa jikoni. Siku iliyofuata baba yake alipiga simu Ihembe kwa sauti ya heshima, akasema binti ameomba mambo yasimame. Hakueleza sababu, kwa kuwa hata yeye hakuambiwa.

Adelard alipiga simu mwezi mzima. Mwanzoni iliita bila kupokelewa. Baadaye Joviana alipokea, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za shule, akasema ana kazi. Upole ule ulimtesa kuliko matusi.

Mwaka uliofuata wote wawili waliomba tena, kila mtu kivyake, vyuo mbalimbali. Joviana alipata barua za kumsifu na za kumtakia heri. Chuo kimoja kilimkubali bila ufadhili, jambo ambalo kwa mshahara wake lilikuwa sawa na kukataliwa. Adelard alipata. Safari hii hakuandika juu ya Afrika nzima. Aliandika swali moja dogo, la mbu katika mabwawa ya Ihembe, kama alivyomwona Joviana akifanya.

Alikwenda Rubwera kabla hajamweleza mtu mwingine. Alimkuta nyuma ya ofisi ya mifugo, amevaa ovaroli, akipanga chupa za sampuli kwenye kisanduku cha barafu. Alikuwa amekonda kidogo. Kilemba kilikuwa cha bluu.

"Karibu, Mwalimu."

"Jovi, nimechaguliwa. Sijajibu. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Mikono ya Joviana ilisimama juu ya chupa, kisha ikaendelea.

"Hongera. Hongera sana. Ni swali gani?"

Alimweleza. Joviana alisikiliza kwa makini, akamuuliza mambo mawili ya maana, na kwa dakika chache wakawa wale wa zamani, wakikatizana maneno. Kisha Adelard akasogea.

"Ukiniambia nibaki, nitabaki. Leo hii. Nitawaandikia hapahapa mbele yako, halafu tuanze upya. Nakupenda, Jovi. Hilo halijawahi kubadilika."

"Najua," alisema. "Hata mimi nakupenda, na sifurahi kukupenda." Alifunga kisanduku, akakikandamiza kwa kiganja. "Unataka nikwambie ubaki ili tuwe sawa. Hatutakuwa sawa. Mimi nitakuwa mke wa mtu aliyenyimwa safari, na kila tukigombana utaniangalia hivyo. Au unataka nikwambie nenda, uende moyo mweupe. Yote mawili sisemi. Mwaka jana nilibaki peke yangu na jibu. Na wewe bakia nalo."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Gari la sampuli linaningoja."

Adelard alikwenda kwenye pikipiki yake. Iligoma mara kadhaa kuwaka. Joviana hakugeuka, ingawa kila ilipogoma bega lake lilishtuka.

Prudensia alitoka ofisini na kalamu sikioni.

"Si yule wa Ihembe? Alitaka nini tena?"

"Ruhusa."

"Umempa?"

"Hapana," Joviana alisema, akakinyanyua kisanduku. "Nimempa hongera."