Alama Aliyoigeuza Filipa

Jumamosi ile, siku ya soko, uwanja wa kanisa kuu la Mainz, Ujerumani, ulifurika watu, bilauri za mvinyo mkononi saa nne asubuhi, harufu ya soseji za moto imetanda. Filipa Quaresma, ndani ya koti la mvua la manjano, alirudi kinyumenyume kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, akammwagia mvinyo kijana mrefu aliyevaa shati jeupe. Na yeye naye, shati jeupe sokoni alitaka nini?

"Samahani, kaka. Nitalifua."

"Utalifulia wapi? Kesho nahamia Braga."

"Braga? Huko ndiko kwetu."

Kumbe wote wawili walikuwa wameajiriwa na mradi mmoja wa shahada ya uzamivu, wa kutafuta namna ya kuendesha vifaa vya umeme kwa kutumia obiti za elektroni, yaani mizunguko yake ndani ya atomu. Na sheria ya mradi haina huruma: hufanyi utafiti katika nchi uliyokuwa ukiishi. Basi kijana yule, Henning Ruppel, mzaliwa wa Mainz, alipelekwa Ureno, na Filipa akaletwa kwao Henning. Mapenzi hayakusoma sheria hiyo.

Walipendana kwa simu miaka miwili na nusu. Kila Jumapili Filipa alikula viazi kwa Bi Gerlinde, mama yake Henning, na Henning akala samaki wa chumvi kwa bibi yake Filipa.

"Bibi kaniambia ulikuwa unalala na viatu."

"Na mama yako kanionyesha picha zako bafuni. Tumelipana, mpenzi."

Kazini, Henning alipima tando nyembamba za metali ya titani, Filipa akapiga hesabu za kueleza vipimo vyake. Makala yao ilikubaliwa na jarida kubwa, na tasnifu ya Filipa ikajengwa juu yake. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi minne, na hauongezwi hata siku.

Ndipo Henning akanyamaza. Siku kumi na moja simu haipokelewi. Kimya kingi kina mshindo, na Filipa alishaamua kuwa kuna mwanamke. Akampigia bibi. Bibi akasema kijana alikuja Jumapili, akala bila neno, kisha akaosha vyombo vyote. Mwanaume anayeosha vyombo vyote bila kuombwa ana jambo.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Henning akaingia ofisini kwa Filipa na begi lake, hajanyoa.

"Anaitwa nani?" Filipa akauliza.

"Hakuna mtu. Ni nyaya."

Akaeleza akiwa amesimama. Nyaya za sumaku alikuwa amezichomeka kinyume tangu mwaka wa kwanza. Kila kipimo kilichosoma hasi, ukweli wake ni chanya. Makala ni batili, na tasnifu ya Filipa inaanguka nayo. Alishindwa kupokea simu kwa sababu angeisikia sauti yake na kumficha ukweli.

Filipa hakulia. Alikaa kitako, uso umempauka.

"Hesabu yangu ya kwanza ilitoka chanya," akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Nikaona yako hasi, nikasema Henning hakosei. Nikatafuta kosa kwangu mpaka nikalitengeneza, nikaigeuza alama."

Henning akakaa. Kosa lake lilikuwa la mkono. La Filipa lilikuwa la makusudi, na Filipa alijua. Alikuwa amenaswa nalo muda wote huo: kusema ni kukiri uongo, kunyamaza ni kuuongeza. Aliona aibu, tena aibu ya kumpenda mtu kuliko kichwa chake mwenyewe.

Jioni waliliandikia jarida barua ya kuiondoa makala. Henning alitaka itaje nyaya tu. Filipa akaongeza sehemu yake kwa mkono wake, bila kupunguza neno. Msimamizi wa Filipa alikuwa ameshamwambia kwamba miezi minne huenda isitoshe kuandika tasnifu upya, na shahada huenda asiipate. Barua ikaenda.

"Nikuoe, Filipa," Henning akasema. "Hapa au kwenu, popote tutakapopata kazi."

Filipa akamtazama. Tangu waanze kupendana hajawahi kumpinga mwanaume huyu, hata kwenye namba.

"Hapana."

Henning akainamisha kichwa. Filipa akaushika mkono wake, akaubana asiondoke.

"Umeona? Nimeweza kukukatalia. Sasa ngoja nirudie hesabu zangu, halafu uniulize tena. Nikikubali, utajua nimekubali kweli."