Hodi kwa Sauti ya Sudi

Treni ya sumaku ilikuwa imeshaiacha Dodoma nyuma, inaelea kiganja kimoja juu ya njia yake bila kelele, na Mwanahawa alikuwa bado hajakijibu kilichokaa ubavuni mwake.

"Hawa, mke wangu," kilisema, "tuyamalize haya kiutu uzima. Sema tu sawa."

Sauti ilikuwa ya Sudi, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuomba kitu. Mwili haukuwa wa Sudi. Ulikuwa wa bati la kijivu, umevishwa shati jeupe, na mahali pa uso pana kioo. Watu walikiita kidai.

Mzee wa kiti cha mbele aligeuka. "Bibie, mumeo anakubembeleza tangu Morogoro. Mjibu basi, hata kama kakuudhi."

"Si mume, baba. Ni deni."

Mzee akakitazama vizuri, kisha akavuta kanzu yake isikiguse.

Kidai kina sheria zake. Hakimpigi mtu, hakimtukani, wala hakiingii nyumbani kwake bila kukaribishwa. Lakini kikishakaribishwa hakibanduki, kinakufuata sokoni na msibani, na kila "sawa" au "haya" inayonaswa na masikio yake huhesabiwa kuwa saini. Waliokibuni walikuwa watu wa hapa hapa, wanatujua. Walijua kwamba mtu aliyelelewa kwao akisikia hodi, ulimi hujibu kabla miguu haijafika mlangoni. Mwanahawa alikuwa jikoni anakuna nazi. Hodi ikabishwa kwa sauti ya mume aliyeachana naye. Akasema karibu. Basi, kazi ikawa imekwisha.

Na deni lenyewe? Zamani za ndoa walikuwa na kadi moja ya mkopo, majina mawili. Sudi aliichanja kununua pikipiki za angani za kukodisha, moja akaitumbukiza bwawani, nyingine akaiacha juu ya paa la msikiti. Kadhi alipowatenganisha alisema deni ni la Sudi. Kampuni ya kadi ikajibu kwamba yenyewe haikuachwa na mtu, majina yako mawili, na itamfuata yeyote kati yao. Ikamfuata mwenye kazi. Mwanahawa alikuwa fundi wa mikono bandia, na sanduku la zana lililokuwa miguuni pake lilishabandikwa alama nyekundu. Baraza la madeni la Tabora likiamua deni ni lake, zana zingechukuliwa, na karakana aliyokwisha kuikodi huko isingefunguliwa. Baraza lilitaka jambo moja: Sudi, aliyehamia huko, akubali mbele yao kwamba deni ni lake.

"Unashuka Tabora, mama?" aliuliza kondakta.

Mwanahawa akainamisha kichwa.

"Huyu ni bubu?"

"Anaogopa kusema ndiyo," mzee akamjibia.

Barazani Sudi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekonda, na shingoni amefungwa mkanda mwembamba wa kijani. Mwanahawa aliutambua, kwa kuwa fundi hujua vyombo vya mwili. Ulikuwa kabasauti, kifaa kinachozinyamazisha nyuzi za koo.

"Umefanya nini, Sudi?"

Aliyejibu ni kidai, kwa sauti ile ile. "Mteja ameiuzia kampuni sauti yake ili asiandamwe. Mpaka mkataba uishe, hana ruhusa ya kuitumia. Kwa hiyo hawezi kukiri lolote, na deni libaki kwa bibi huyu."

Siku zote Mwanahawa alidhani sauti imenakiliwa kutoka simu za zamani. Alimtazama Sudi, naye Sudi akatazama viatu vyake. Hasira ilimpanda, akaimeza. Hakuja Tabora kugombana.

"Mwenyekiti," alisema, "nina ombi."

Bi Kalunde, mwenyekiti wa baraza, alikuwa mama mnene mwenye miwani. "Sema, binti."

"Siku ya ndoa yangu niliulizwa kama namridhia huyu. Niliona aibu, nikanyamaza. Wazee wakasema amekubali, wakaandika. Ndipo majina yakawa mawili. Naomba naye aulizwe vivyo hivyo."

"Kampuni inatambua sauti peke yake," kidai kilisema.

"Hapa si kwenye kampuni," alisema Bi Kalunde. "Hata mimi nilinyamaza, na yule mtu bado nampikia." Watu wakacheka. Akawatuliza kwa mkono. "Sikiliza, Sudi. Koo wamelinunua, shingo hawajainunua. Kama deni si lako, tikisa kichwa, au simama utoke, mlango ule pale. Kama ni lako, kaa hivyo hivyo. Je, deni ni lako?"

Kidai kilikohoa kile kikohozi. "Hawa, mke wangu, mwambie atikise."

Mwanahawa hakumwambia kitu. Sudi aliushika ule mkanda kwa vidole viwili, akauachia. Hakusimama, wala hakutikisa kichwa.

"Andikeni," alisema Bi Kalunde.

Mwanahawa alibandua ile alama nyekundu mwenyewe kwa ukucha. Karakana ilifunguliwa na bado ipo. Hakuolewa tena, na siku hizi akisikia hodi huchungulia kwanza. Bi Kalunde alistaafu akarudi Urambo. Kampuni ya kadi iliuzwa kwa kampuni nyingine. Sudi aliajiriwa na kiwanda cha asali, anakatwa mshahara kila mwezi, na kabasauti bado iko shingoni. Kidai kilihamishiwa kwake. Kila asubuhi hupiga hodi mlangoni kwa sauti yake Sudi, na kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kusema karibu, hakijaingia. Kimesimama nje, mvua na jua, na shati limeshachanika.