Mkate Juu ya Mlango wa Ghala

Saa tano kasorobo asubuhi mpishi alikwenda kuchukua matufaha ya chakula cha mchana, akavuta komeo la ghala, akapiga ukelele uliofika mpaka ukumbini. Ndani, juu ya kreti iliyopinduliwa, alikaa Meerim Asanova, mchezaji wa meza ya kwanza wa timu ya taifa ya wasichana ya wenyeji. Alikuwa na kikombe kitupu mapajani na midomo imembadilika rangi kwa baridi.

Mchezo wake ulikuwa umeanza saa nne. Robo saa baadaye kanuni ikamhesabu ameshindwa kwa kutotokea, na msichana wa Iceland, aliyekuwa anakikodolea macho kiti kitupu, akapewa pointi ambayo hakuitolea jasho hata tone. Raundi ya mwisho ya ubingwa wa dunia wa sataranji! Meerim alihitaji sare tu, sare, aivae dhahabu ya meza ya kwanza, ile apewayo mchezaji bora wa meza hiyo. Badala yake alikuwa amefungiwa pamoja na matufaha.

Polisi walisema wako njiani, lakini theluji ilikuwa imeifunga barabara ya kando ya ziwa Isik-Kul tangu jana yake, na hiyo "njiani" ni neno pana sana. Mwamuzi mkuu, Bibi Ferreira, akaamuru geti la nyumba ya mapumziko lifungwe mtu asitoke, kana kwamba kuna aliyekuwa na pa kwenda. Siku tisa, ili kuzuia udanganyifu, mabinti wale walikuwa hawajashika simu, madirisha ya ukumbi yamezibwa, hata chooni wanasindikizwa mchezo ukiendelea. Sasa na uani marufuku.

Kazi ya kuchunguza akapewa naibu wake, Jyldyz Toktosunova, mwenyeji wa hukohuko.

"Una mpaka saa kumi na mbili jioni, medali zinapotolewa," Bibi Ferreira alimwambia. "Kocha Kubat wa wenyeji ameshaleta rufaa. Anasema nahodha wa Iceland ndiye aliyemfungia binti. Ikithibitika, mechi inakwenda kwa wenyeji, wanatwaa dhahabu ya timu, na yule bwana anafungiwa mashindano maisha yake yote. Mimi nataka ushahidi, si kelele."

Jyldyz aliitikia kwa kichwa. Kubat Osmonov ndiye aliyemfundisha kusogeza kete akiwa na miaka saba, akamnunulia buti zake za kwanza za baridi, akamvusha mpaka ubingwa wa watoto. Ubingwa ule ndio uliomfungulia kila mlango aliopita baadaye. Bila Kubat angekuwa mlimani mpaka leo, anakamua maziwa ya farasi.

Alianzia ghalani. Mlango ulifunguka kwa nje, juu ya kidaraja cha jiwe, ngazi moja tu. Kando ya kidaraja birika lilikuwa limelala ubavu, chai imemwagika na kuganda. Sinia lilikuwa limepinduka kwenye theluji.

"Nieleze polepole," alimwambia Meerim, aliyekuwa amefunikwa blanketi.

"Kila siku kabla ya mchezo nakuja hapa, dada. Ndani ya nyumba hakuna pa kupumulia. Nilibeba chai na mkate kwenye sinia, nikaliacha hapo kwenye kidaraja, nikaacha mlango wazi nipate mwanga. Nikaingia na kikombe. Mara nikasikia birika linaanguka, mlango ukafungwa, komeo likapita."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ulipiga kelele?"

Meerim alitazama buti zake. "Kuta hizi ni nene."

Hilo halikuwa jibu, na Jyldyz alilijua, lakini aliliweka kiporo. "Na mkate uko wapi?"

Hawakuuona chini. Jyldyz alizunguka, akainua sinia, hakuna. Mwishowe aliinua macho. Juu ya fremu ya mlango, chini ya paa, palikuwa na boriti iliyochomoza, na juu ya boriti ile ulilala mkate wa duara, uso wake wenye nakshi ukitazama juu. Alinyoosha mkono hakuufikia. Ilibidi atoe kreti mle ghalani, apande, ndipo akaushika.

Nahodha wa Iceland, Thorvald, anayeisimamia timu yao bila kucheza, aliletwa kwenye chumba cha kulia saa saba. Alikuwa pande la mtu, jasho linamtoka.

"Asubuhi ulionekana nyuma ya jiko, karibu na ghala," Jyldyz alisema.

"Ndiyo, saa tatu na nusu. Nilikuwa navuta sigara. Mke wangu anadhani nimeacha."

"Ulimwona Meerim?"

"Nilimwona anapita na sinia lake. Akanisalimia vizuri tu. Mama, mimi nina mabinti watatu, hivi kweli nimfungie mtoto wa mwenzangu kwenye friji ili nipate pointi moja?"

"Watu wamefanya mabaya zaidi kwa nusu pointi."

"Basi nifungeni! Toka asubuhi mnanitazama kama mwizi wa kuku!"

Alipiga meza kwa kiganja. Kipande cha mkate kikaruka kutoka kwenye sahani, kikaanguka sakafuni. Thorvald alikisogeza kwa ncha ya kiatu mpaka chini ya meza, kisije kikakanyagwa, akaendelea kujitetea. Jyldyz aliinama, akakiokota, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka juu ya dirisha, kama alivyolelewa; kwao mkate hauachwi chini. Mkono ulifanya yote hayo peke yake, yeye akiwa bado anasikiliza habari za sigara.

Kisha akaganda hivyohivyo, mkono dirishani.

Ee Mungu wangu, aliwaza. Aliyefunga mlango hakujali birika. Hakujali sinia. Alikuwa na haraka, roho mkononi, na bado alisimama, akauokota mkate kwenye theluji, akauweka juu ambako mguu haufiki. Hakufikiri, kama vile yeye mwenyewe hakufikiri sasa hivi.

"Nenda kapumzike, Thorvald," alisema.

"Umeniamini?"

"Nenda tu."

Alitamani aliyefunga mlango angekuwa mgeni. Ingekuwa rahisi mno angekuwa mgeni.

Saikal, mchezaji wa akiba, aliingia saa nane amefura. Raundi nne nzima alikuwa amekaa benchi akimpisha Meerim, na kila mtu alijua haziivi.

"Najua mnachofikiri, dada. Saikal ana kijicho, Saikal kafanya. Nilikuwa ukumbini saa tatu na nusu, nawapangia wenzangu maji. Waulizeni."

"Simama kidogo hapa mlangoni."

"Kwa nini?"

"Nyoosha mkono juu."

Saikal alinyoosha. Vidole havikugusa hata fremu, achilia mbali juu yake. Makreti yote yalikuwa ndani ya ghala, na yule mtu alikuwa nje. Jyldyz akapumua.

"Kaa. Sikushuku. Ila nataka kujua, mna ugomvi gani?"

"Ugomvi? Hatuna ugomvi." Machozi yalimlengalenga. "Ni haki tu. Mimi ningekuwa meza ya kwanza. Mimi! Sisi wote wengine ni wa mwaka wa Panya au wadogo zaidi, halafu yule Nguruwe anakuja ana..." Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Jyldyz alichukua kalamu.

"Nilikuwa namtania," Saikal alisema kwa sauti ndogo.

"Sawa, mdogo wangu. Nenda ukale."

Alipobaki peke yake, Jyldyz alihesabu miaka kwa viungo vya vidole, kama bibi yake alivyomfundisha: Panya, Ng'ombe, Chui, wanyama wote kumi na wawili ambao miaka ya kwao hupokezana, kisha tena tangu Panya mpaka akafika mwaka huu wa Joka. Mashindano haya ni ya wasiozidi miaka kumi na sita. Mkubwa kabisa anayeruhusiwa ni wa mwaka wa Panya. Nguruwe humtangulia Panya. Mtu wa mwaka wa Nguruwe amezidi umri, na watoto wenzake wanamjua mwaka wake maana ndio wanaotaniana nao, karatasi ziseme zinavyotaka.

Akakumbuka tangazo la jana wakati wa chakula cha jioni. Bibi Ferreira aligonga glasi, akasema kuanzia mwaka huu wanaotwaa dhahabu ya meza, mmoja mmoja, kumbukumbu zao zitaangaliwa katika hospitali walikozaliwa. Dhahabu ya timu haikutajwa. Watu walipiga makofi, wakarudia supu yao.

Na akakumbuka jambo jingine, lililomuuma zaidi. Saa nne kasoro dakika chache, kiti cha meza ya kwanza kikiwa kitupu, kocha yeyote mwenye akili angekuwa anakimbia korido nzima anaita jina la mchezaji wake. Kubat alikuwa amekaa kando ya ukuta anakunywa chai. Jyldyz alimwona kwa macho yake, akadhani ni utulivu wa mtu mzima.

Saa kumi na moja alimwita Kubat kwenye ofisi ndogo ya waamuzi, na Meerim akakaa pembeni. Kubat aliinamisha kichwa kupita mlangoni, urefu wake ndivyo ulivyomzoesha.

"Binti yangu," alisema, "umemaliza na yule mvuta sigara?"

"Nimemaliza. Hana kosa."

"Hana kosa! Umelogwa? Kuna nani mwingine anayefaidika?"

"Mwalimu, mgeni angeuacha mkate chini. Wewe uliuweka kwenye boriti, mahali ambapo mimi sikufika bila kreti."

Kubat alicheka, cheko fupi. "Kwa hiyo nimekuwa mhalifu kwa kuheshimu mkate. Wapishi wote wa humu ni watu wetu."

"Wapishi walikuwa wanagawa uji, watu mia wanawatazama. Na hakuna mpishi mwenye sababu. Wewe ulimtafuta Meerim saa ngapi?"

"Nini?"

"Alipochelewa. Ulimtafuta wapi? Ulimtuma nani? Nilikuona, Mwalimu. Ulikuwa unakunywa chai."

Jyldyz alimgeukia msichana, na sauti ikamlainika. "Meerim, wewe ni wa mwaka gani?"

"Usijibu," Kubat alisema.

Meerim alijikunja ndani ya blanketi. "Jana baada ya tangazo aliniambia nijifanye mgonjwa. Nikakataa. Nilimwambia nataka kucheza, mara moja tu, mchezo wa mwisho." Alivuta blanketi. "Mlango ulipofungwa nilijua ni yeye. Nilimjua kwa hatua zake. Ndiyo maana sikupiga kelele. Ningeita, wangekuja, wangeuliza kwa nini, na wenzangu wanne wangenyang'anywa kila kitu kwa sababu yangu. Nilikaa tu."

"Mwaka mmoja!" Kubat alilipuka. "Nilimpunguza mwaka mmoja, akiwa na miaka tisa, mtoto wa mchunga kondoo asiye na chochote! Walimu wa mjini wana kompyuta, wana mabwana wa kuwafadhili. Mimi nina nini? Leo ningemwacha acheze, angetwaa dhahabu, wangechimba mpaka hospitali, na jina lake lingeoza. Nilimlinda!"

"Ulimfungia kwenye baridi saa nzima na zaidi. Halafu ukamsukumia kesi baba wa watu, timu ipate dhahabu yake na karatasi zisiguswe."

"Komeo lingefunguliwa mchana, nilijua watakuja kuchukua matufaha." Alikaa, akajipangusa uso. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya upole, ile aliyokuwa akiitumia kumfundishia, na Jyldyz akaogopa kabla hajasikia neno. "Mwanangu, mimi nilikutoa mlimani. Ule ubingwa wako wa watoto wasiozidi miaka kumi na miwili, fomu alijaza nani?"

"Wewe," Jyldyz alisema.

"Ulikuwa mdogo wa mwili," Kubat aliendelea. "Hukuulizwa, na mimi sikukuambia. Wakianza kuchimba kwangu, watafika kwako. Cheo chako, beji yako, yote yamesimama juu ya medali ile. Kwa hiyo tutoke hapa tuseme aliyefunga hajulikani. Thorvald anakwenda kwao salama, Meerim anabaki na jina lake, wewe unabaki na kazi. Nani anaumia?"

Jyldyz alihesabu miaka yake kwa viungo vya vidole chini ya meza. Alihesabu mara mbili. Mzee yule hakuwa anatia chumvi. Miaka ishirini alikuwa amewahukumu watu kwa kanuni, naye ameingia kwa mlango wa uongo bila kujua, na sasa aliyemwingiza alikuwa ameshika komeo. Alichukia kwamba bado anampenda. Alichukia zaidi kwamba kwa kitambo kidogo alilipima lile pendekezo na kuliona jepesi.

Meerim alikuwa anamtazama. Hakuwa anaomba kitu, alikuwa anangoja tu kuona mtu mzima wa pili atafanya nini.

Jyldyz alisimama, akafungua mlango. Kwenye korido Bibi Ferreira alikuwa anatembea huku na huku. Thorvald alikuwa ameegemea ukuta, na Saikal na wenzake watatu wamebanana kwenye benchi.

"Umepata?" Bibi Ferreira aliuliza.

"Nimepata. Aliyefunga mlango ni Kocha Kubat. Bwana huyu mwombeni radhi." Alimwonyesha Thorvald kwa mkono. "Alifanya hivyo kuficha umri aliodanganya. Wachezaji aliowadanganyia ninaowajua ni wawili. Andika la kwanza jina langu."

"Jyldyz!" Kubat aliita kutoka ndani.

Blanketi lilianguka sakafuni. Meerim alimpita mwalimu wake, akaja akasimama kando ya Jyldyz, mbele ya benchi la wenzake.

"La pili ni langu," alisema. "Nina miaka kumi na saba."

Saikal alianza kulia. Meerim alimtazama yeye, si mwamuzi, akavuta pumzi, akautaja umri wake tena kwa sauti ya juu, korido nzima isikie.