Nyuzi Thelathini na Saba

Rafiki yangu niliyemaliza naye chuo alipata kazi. Mimi nikabaki na degree ya kufukuzia nzi. Kwa hiyo sina sababu ya kumtetea, nasimulia alivyoniambia.

Bosi alimpa kompyuta inayozimika ovyo. "Kufikia saa sita uniambie tatizo, ama probation yako imeishia hapo."

Akaipeleka stoo kuifungua, chumba kisicho na dirisha, taa imeungua, mwanga wa skrini tu na feni inayokoroma. Skrini ilisema prosesa ina nyuzi joto thelathini na saba, hazipandi wala hazishuki. Akaelekeza kipimajoto chake, kile cha kushika kama bastola, kwenye chuma kinachoifunika: ishirini na nne, sawa na ukuta.

"Kihisi joto cha kompyuta kinadanganya," akamwambia mama anayetunza stoo.

"Au mwongo ni hicho kidude chako, mwanangu. Hebu nipime mimi."

Akampima kwenye paji la uso: thelathini na sita. Kipimo kizima kabisa.

"Haya, na wewe jipime."

Akacheka, akajielekezea. Feni ikanyamaza yenyewe. Mama wa stoo akasoma namba, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Rafiki yangu akarudia kujipima mara tatu. Ishirini na nne.