Swali la Tisa

Ndugu zangu, msije mkasema hamkuambiwa. Haya yalitokea mwaka 1996 katika kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo, kwenye nyumba iliyokuwa na utulivu wake.

Ilikuwa nyumba ya Nicodemus na mkewe Ernesta, mama wa Gasper. Mume alilima maharage na kuyapeleka gulioni kwa baiskeli. Mke alikuwa muuguzi wa zahanati, mwaka wa ishirini sasa. Asubuhi walikunywa uji pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Siku moja ya palizi jembe lilimteleza Nicodemus, likamkata kwenye muundi.

Hakuna aliyeshtuka. Muuguzi yumo ndani ya nyumba, ahangaike nani? Ernesta alifungua vidonge vya rangi mbili, akamwaga unga wake kidondani, akakiacha wazi kipigwe na upepo. Ndivyo alivyowaona wakubwa wake wakifanya alipoanza kazi. Kwake kidonda kilidaiwa jambo moja tu, kukauka. Siku ya tano kilifanya gamba jeusi, gumu, naye akatangaza kwamba kimekauka. Majirani tukamsifu. Ndiyo, nami nilikuwemo.

Wiki hiyohiyo akaja Bi Herieth kutoka wilayani, kupima wauguzi wanajua nini kuhusu vidonda. Alikuwa na maswali ishirini. Alieleza wazi kwamba hafukuzwi mtu. Alitaka tu kujua nani afundishwe nini. Lakini Ernesta alikuwa na kiburi, na nyuma ya kiburi kulikuwa na woga. Angeuweka wapi uso wake akishindwa na Dorcas, binti wa zahanati yao aliyetoka chuoni juzi? Basi akamwendea rafiki yake Rosa, wa zahanati ya jirani iliyokwisha kupimwa, akapewa maswali na majibu yake. Akayakariri kama katekisimu. Alimpa na Dorcas, Dorcas akakataa.

Ernesta akapata kumi na nane. Dorcas akapata kumi na moja, na kwa kuwa waliopata chini ya kumi na tano walitakiwa mafunzoni, akaenda Kasulu kwa siku tano. Hebu tazama, msomaji: aliyehitaji kufundishwa alibaki nyumbani akipongezwa.

Dorcas aliporudi alisikia Nicodemus haendi tena gulioni, akapita kumjulia hali. Alimkuta kitandani ana homa, mguu umevimba hadi gotini, na gamba liko palepale. Chumba kilikuwa kinanuka.

"Mwakeye, baba," akamsalimia kwa Kiha. "Hili gamba halijaondolewa?"

"Mama Gasper anasema kimekauka," Nicodemus akajibu.

Ernesta akaingia na kuwasikia. Aliudhika, akasema yeye ametibu vidonda tangu Dorcas ananyonya. Dorcas hakubishana naye.

"Mama, swali la tisa uliandika nini?"

Ernesta alijibu papo hapo. "Kidonda chenye gamba, kikiwa na uvimbe na joto kandokando, gamba liondolewe, kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na mgonjwa..."

Sasa alikuwa anautazama mguu wa mumewe.

"Na mgonjwa apelekwe hospitali mapema," Dorcas akamalizia.

Walimpeleka siku ileile, lakini usaha ulikuwa umeshafika kwenye mfupa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Inaniuma kulisema, maana baiskeli ile bado naiona imeegemezwa ukutani kwao.

Nicodemus hakumtukana mkewe. Alipopata nguvu alimuuliza jambo moja tu.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimekariri," Ernesta akasema, kisha akalia.

Mwezi uliofuata alimwandikia Bi Herieth, akaomba zile alama zake zifutwe na aitwe mafunzoni pamoja na wengine.

FUNZO

Wauguzi wetu, mkipimwa andikeni mnachokijua, na msichokijua kiacheni wazi, maana pale palipo wazi ndipo mtakapofundishwa. Nasi wanakijiji tusiwasifu watu kwa miaka waliyokaa kazini hadi wakaona haya kuuliza. Na kidonda kilichokauka juu, huku mguu unavimba na mwenyewe ana homa, hakijapona. Muwahisheni hospitali.